Kabla ya Kuichoma Chunjua kwa Leza

Mwezi wa pili mpwa wangu aliyeko Tanga, kidato cha pili, alinitumia picha mbili kwenye simu. Ya kwanza ni mkono wake wa kulia wenye chunjua nne: mbili mgongoni mwa kidole cha shahada, moja kwenye kidole gumba, na nyingine imejibanza kando ya ukucha wa kidole cha kati. Ya pili ni tangazo. Mwanamke amevaa miwani nyeusi, mwanga mwekundu unamulika mkono, na maneno makubwa yanasema chunjua zinang'olewa na mizizi yake kwa leza, mara moja tu, bila maumivu, bila kovu. Chini yake mpwa wangu kaandika: "Mjomba, nisaidie nauli na hela ya leza. Darasani wananiita Chura."

Nilikaa siku tatu kabla ya kumjibu. La kusema nilikuwa nalo jingi mno, na mtoto wa miaka 15 anayetaniwa darasani hahitaji mhadhara. Hapa naandika yale ambayo hayakuenea kwenye ujumbe wa simu, kwa sababu matangazo ya namna ile yamezagaa, na wanaoyaamini ni watu wanaojinyima ili wapate cha kulipia.

Msimamo wangu ni huu. Kwa chunjua za kawaida za mikono na nyayo, leza haijathibitika kuwa bora kuliko kugandisha kwa baridi. Kugandisha nako kunaipita kwa mbali dawa ya kupaka mahali pamoja tu, mikononi. Na kwa ngozi nyeusi, njia zote mbili zinaweza kuacha alama inayodumu kuliko chunjua yenyewe. Anayeuliza "leza au baridi?" amerukia katikati ya safari.

Nianze na neno linalouza kuliko yote kwenye tangazo lile: mizizi. Chunjua haina mizizi. Ni uvimbe mdogo unaotokana na virusi vya papiloma, HPV, ambavyo vina aina zaidi ya 200; zinazosababisha chunjua za kawaida mara nyingi ni aina ya 1, 2, 4, 27 na 57. Kirusi huingia penye mchubuko, hukaa katika tabaka la juu kabisa la ngozi, na kulifanya liote kwa kasi na kuwa gumu. Hakivuki tabaka hilo. Vile vidoti vyeusi ambavyo watu huviona katikati wakasema "hii imeshika mizizi" ni vishipa vidogo vya damu vilivyoganda. Ya unyayoni huonekana imezama sana kwa sababu uzito wa mwili umeisukuma ndani kila hatua, kama kokoto kwenye tope. Anayekuuzia leza kwa ahadi ya kung'oa mizizi anakuuzia kitu ambacho hakipo.

Na kwa kuwa nimetaja HPV, mzazi mmoja aliwahi kuniuliza kama chunjua ya mkononi mwa bintiye ni mwanzo wa saratani ya shingo ya kizazi. Hapana. Kirusi cha saratani ile ni aina nyingine, hasa ya 16 na 18, na ndizo zinazolengwa na chanjo ambayo Rwanda ilianza kuwapa wasichana mwaka 2011, Tanzania 2018 na Kenya 2019. Mpeleke binti akachanje, lakini usimpeleke kwa sababu ya chunjua ya kidoleni.

Sasa baridi. Dawa yenyewe ni naitrojeni iliyogeuzwa kuwa kimiminika, yenye nyuzi 196 chini ya sifuri. Ajabu ni kwamba baridi hiyo haiui kirusi. Wafugaji wa Arusha na Kiambu wanaijua naitrojeni hii vizuri kuliko wagonjwa wa ngozi, maana ndiyo inayotunza mbegu za madume katika kituo cha uhimilishaji cha Usa River na kile cha Kabete. Mbegu inakaa mle miaka na miaka, na ikitolewa inatungisha mimba. Kirusi nacho hudumu humo humo. Ndiyo maana tabibu makini hachovyi pamba yake ndani ya mtungi mkubwa, akamgusa mgonjwa, kisha akairudisha. Humwaga kiasi kidogo kwenye kikombe cha mgonjwa huyo peke yake, na kinachobaki hakirudi mtungini. Ukiona pamba ile ile inachovywa mtungini baada ya kugusa mkono wa mtu, ondoka.

Kinachokufa kwa baridi ni seli zilizokipa kirusi makazi. Maji ya ndani yake hugeuka barafu, kuta zake hupasuka, vishipa vinavyozilisha huziba. Baada ya hapo mwili huja kufagia mabaki, na katika kufagia ndipo kinga inapopata nafasi ya kumtambua mgeni ambaye alikuwa amejificha mle bila kuamsha mtu. Leza nayo, kwa moto wake, hufanya kazi hiyo hiyo: inabomoa nyumba. Kumfukuza mpangaji ni kazi ya kinga ya mwili, na kinga ya mtu haiuzwi kwenye tangazo. Hapa ndipo ilipo sababu ya chunjua kurudi baada ya matibabu yoyote, ya bei rahisi au ghali. Na ndiyo sababu chunjua nyingi huondoka zenyewe. Uchunguzi wa mwaka 1963 uliofuatilia watoto walioachwa bila kutibiwa ulikuta theluthi mbili ya chunjua zao zimetoweka ndani ya miaka miwili.

Niliwahi kugandishwa mimi mwenyewe, kidole cha pete cha mkono wa kushoto. Tabibu alifungua mtungi, mvuke mweupe ukamwagika kuelekea chini, ukatambaa juu ya meza hadi sakafuni. Akabana kijiti cha pamba kwenye chunjua. Sekunde chache za mwanzo sikusikia kitu zaidi ya ubaridi wa chupa ya soda. Ngozi ikawa nyeupe kama chaki, na weupe ukatambaa kuzunguka. Kisha yakaja maumivu kama ya kidole kilichobanwa na mlango, yakipiga kwa mapigo ya moyo, na hayakukoma pamba ilipotoka. Kesho yake lilivimba lengelenge lenye damu, rangi ya zambarau. Tabibu alikuwa ameshikilia muda mrefu mno. Alisema anataka amalize kazi siku hiyo hiyo ili nisisumbuke kurudi. Chunjua iliondoka kweli. Doa jeupe la ukubwa wa punje ya dengu lipo mpaka leo, na miaka imepita zaidi ya kumi.

Lile doa lina maelezo, na kila mwenye ngozi nyeusi angepaswa kuelezwa kabla hajanyoosha mkono. Seli zinazotengeneza rangi ya ngozi hazistahimili baridi kabisa. Huanza kufa kwenye nyuzi 4 hadi 7 tu chini ya sifuri. Seli za kawaida za tabaka la juu, zile tunazotaka kuziua, huhitaji baridi kali zaidi, nyuzi 20 na kuendelea chini ya sifuri. Hakuna namna ya kuwafikia hawa bila kupita kwa wale. Anachoweza tabibu ni kupunguza sekunde, kubaki ndani ya mpaka wa chunjua, na kurudia baada ya wiki mbili au tatu badala ya kushindilia siku moja. Kwa mtu mweupe wa Ulaya doa huonekana kidogo au lisionekane. Kwa mtu wa Tanga linaonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Maelekezo mengi ya kugandisha yaliandikwa yakimtazama mgonjwa wa kwanza.

Je, baridi inaponya kiasi gani? Waholanzi walifanya jaribio zuri, wakalichapisha mwaka 2010. Waliwagawa watu 250 kwa kura: wengine wakagandishwa kila wiki mbili, wengine wakapaka asidi ya salisiliki kila siku, wengine wakaachwa wasubiri. Baada ya wiki 13, kwa chunjua za kawaida, waliopona kati ya kila 100 walikuwa 49 kwa baridi, 15 kwa asidi, na 8 kwa kusubiri. Hapo baridi imeshinda waziwazi. Lakini kwenye nyayo hadithi ikageuka: 30 kwa baridi, 33 kwa asidi, 23 kwa kusubiri, tofauti ambazo huwezi kuzijengea hoja. Mwaka uliofuata jaribio lililoongozwa na Chuo Kikuu cha York, Uingereza, likawachukua watu 240 wenye chunjua za nyayo tu, nusu wakigandishwa na nusu wakipaka asidi kali ya asilimia 50. Baada ya wiki 12 waliopona kabisa walikuwa 14 kati ya kila 100 upande huu, na 14 upande ule. Kundi moja lilikuwa likipanda gari kwenda kliniki na kuvumilia maumivu, jingine likikaa nyumbani na kichupa.

Takwimu hizi naziona za maana kuliko ahadi yoyote, hata zile zinazoniumiza kuzisoma. Hata baridi kwenye vidole, ambako ndiko inakong'ara, iliwaacha zaidi ya nusu ya watu na chunjua zao baada ya miezi mitatu. Tabibu anayekuambia hivyo mapema anakuheshimu.

Leza sasa, na hapa inabidi tutenganishe, maana "leza" si kitu kimoja kama vile "gari" si kitu kimoja. Ipo leza ya kaboni dayoksaidi, iliyobuniwa na Kumar Patel mwaka 1964. Mwanga wake hunywewa na maji, na kwa kuwa ngozi ni maji kwa sehemu kubwa, huchemsha na kugeuza mvuke kila inachokigusa. Inahitaji ganzi, inaacha kidonda kibichi kinachochukua wiki kadhaa kufunga, na kwa mwenye asili ya kuota makovu manene, yale tunayoyaona yakining'inia kwenye ndewe za masikio yaliyotobolewa, ni kujitafutia tatizo kubwa kuliko lililompeleka. Ipo ya pili, ambayo nuru yake hutengenezwa kwa kimiminika chenye rangi na kupigwa kwa mapigo mafupi. Madaktari huitaja kwa urefu wa wimbi lake, nanomita 585 au 595. Hii hunywewa na wekundu wa damu, kwa hiyo huvichoma vishipa vinavyolisha chunjua. Kila pigo huuma kama mpira wa manati unaokuchapa. Tangazo la "bila maumivu" halikuandikwa na mtu aliyewahi kuchapwa.

Fikra ya leza hii ya damu ni nzuri. Wanasayansi Anderson na Parrish waliieleza mwaka 1983, kwamba ukichagua rangi sahihi ya mwanga unaweza kuchoma kitu kimoja na kuacha jirani yake salama. Tatizo ni jirani wetu. Melanini, rangi ile ile inayotupa weusi, nayo huunywa mwanga wa nanomita 595. Ngozi nyeusi inaumeza kabla haujafika kwenye kishipa, ikaungua juu, na chunjua chini ikapata pigo hafifu. Ndiyo maana kwenye ngozi nyeusi wataalamu wengi hupendelea ya tatu, Nd:YAG ya nanomita 1064, ambayo melanini inaijali kidogo zaidi. Hii nayo huuma, na hupenya ndani zaidi, hivyo mikono isiyojua inaweza kuunguza chini bila kuonekana juu. Nilimwambia mpwa wangu aulize swali moja tu kwa wale wa tangazo: mashine yenu ni ya aina gani? Jibu alilopata ni "ni leza ya kisasa kutoka nje." Asiyejua mashine yake inapiga mwanga gani hapaswi kuielekeza kwenye kidole cha mtoto.

Na matokeo? Jaribio moja la kulinganisha lilichapishwa mwaka 2000, watu 40. Chunjua zilizopigwa leza ya damu zilitoweka asilimia 66; zilizotibiwa kwa njia za kawaida, yaani kugandisha au dawa ya kutoa malengelenge, zikatoweka asilimia 70. Jaribio ni dogo, sitalibebesha zaidi ya linavyoweza. Lakini mashine inayouzwa kwa makumi ya maelfu ya dola, ambayo gharama yake lazima irudi kutoka mfukoni mwa mgonjwa, ndiyo yenye wajibu wa kuleta ushahidi kwamba inaipita pamba na naitrojeni. Haijauleta.

Nisidhulumu. Leza ina mahali pake. Mtu mwenye chunjua zilizomkalia miaka, zilizogandishwa mara nyingi zisisikie, au zilizozunguka kucha zote za mkono anaofanyia kazi, akampata daktari wa ngozi mwenye mashine sahihi na aliyeizoea ngozi nyeusi, aende. Aangalie tu kama chumba kina mashine ya kunyonya moshi na kama wahudumu wamevaa barakoa za maana. Moshi wa chunjua inayochomwa si moshi mtupu: mwaka 1988 vinasaba vya kirusi vilipatikana ndani yake, na mwaka 1991 iliripotiwa Norwei habari ya daktari wa upasuaji aliyeota vinyama kooni baada ya kuwachoma wagonjwa masundosundo, yaani chunjua za sehemu za siri, kwa leza. Kwenye saluni iliyofungwa vioo na kiyoyozi kinazungusha hewa ile ile, wanaovuta moshi huo ni wateja waliokuja kusuka.

Lakini kuna jambo linalonikosesha usingizi zaidi ya bei na madoa. Leza haiachi kitu cha kupeleka maabara. Ikishachoma, imechoma, na kama haikuwa chunjua hutajua. Bob Marley aligunduliwa mwaka 1977 kuwa na saratani ya ngozi chini ya ukucha wa kidole cha mguu, jeraha ambalo mwanzoni lilidhaniwa ni la mpira. Alifariki mwaka 1981 akiwa na miaka 36. Aina ile ya saratani, kwa watu weusi, hupenda nyayo, viganja na chini ya kucha, yaani pale pale tunapozoea kuona chunjua na sugu. Ni nadra, na sitaki mtu aanze kulia kwa kila kipele. Ila kabla ya moto wowote, mtu mwenye macho yaliyofundishwa aione. Tabibu aliyesomea magonjwa ya ngozi, kama wale wanaofunzwa Moshi katika kituo cha KCMC tangu mwaka 1992, atakwangua juu kwa wembe taratibu. Ikiwa ni chunjua, vidoti vyeusi vitajitokeza na mistari ya ngozi itakuwa imekatika ikaizunguka. Ikiwa ni sugu, mistari itapita juu yake bila kukatika. Kitu cheusi kinachotanuka, chenye kingo zisizo sawa, au kidonda kisichopona hakigandishwi wala hakichomwi. Kinakatwa kipande kikapimwa. Na mtu mzima anayeota chunjua nyingi kwa mkupuo, usoni na mikononi, apime VVU. Huenda mwili wake unamwambia kitu, na dawa za kumrudishia kinga zipo na ni bure.

Basi nilimwambia mpwa wangu aanze wapi? Kwenye asidi ya salisiliki, asilimia 17 kwa vidole. Akienda duka la dawa asipokee Whitfield badala yake. Ile ina asidi hiyo hiyo lakini asilimia 3 tu, imetengenezwa kwa ajili ya fangasi, na nimekutana na watu walioipaka miezi kwenye chunjua wakihitimisha kwamba "asidi haifanyi kazi." Kila usiku aloweke mkono kwenye maji ya uvuguvugu dakika tano, asugue sehemu nyeupe iliyokufa kwa tupa ya kucha ambayo hatamwazima mtu wala hataitumia kwenye kucha zake, apake mafuta mazito kuzunguka ili kulinda ngozi nzima, kisha tone la asidi juu ya chunjua peke yake. Ikiwaka sana apumzike siku mbili. Wiki 12. Usoni hapana, na mwenye kisukari aliyepoteza hisia miguuni asiguse hii wala baridi bila daktari.

Bibi yake, yaani mama yangu, alipendekeza utomvu wa mnyaa. Nilimwomba kwa heshima zote tusiutumie. Maziwa yale yakirukia jicho yanaweza kuliharibu, na mkono wa mtoto aliyelala huenda kokote. Maji ya betri, ambayo vijana wa gereji humshauri kila mtu, hayachagui kati ya chunjua na mfupa.

Niliposafiri kwenda Tanga mwezi wa tano, wiki ya kumi, alinionyesha mkono kabla hata sijatua begi. Mbili za kidole cha shahada hazipo, mistari ya ngozi imerudi ikapita pale kama kwamba hapakuwa na kitu. Ya kidole gumba imebaki bapa. Ya kando ya ukucha bado ipo, ngumu vile vile. Tutaipeleka kwa tabibu wa ngozi likizo ya mwezi wa sita, na kama atashauri baridi, nitamwomba aguse kwa sekunde chache, turudi mara tatu ikibidi, nami nitamwonyesha kidole changu cha pete aone ninachoogopa.